Shindano la picha za ndege: viota visiguswe
Familia kadhaa zinazopenda kupiga picha zimetuuliza namna ya kuandaa shindano dogo la kirafiki la picha za ndege katika hori ya Mida, karibu na Watamu. Wazo ni jema, nasi tunaliunga mkono kwa sharti moja: picha ya kiota isipokewe kabisa, hata ikizipita zote kwa uzuri.

Ndege akifukuzwa kiotani, mayai hupigwa na jua na kunguru huiona njia. Kijana anayewania ushindi hasogei hatua moja, husogea kumi. Wala wasipigiwe sauti zilizorekodiwa ili kuwavuta, kwani ndege huacha malisho yake akaja kumkabili adui asiyekuwepo.

Wa kutafutwa Mida ni yule mweupe, mweusi mgongoni, mwenye mdomo mnene, mla kaa. Huyu ni mgeni. Huzaa katika mashimo anayoyachimba mchangani, kwenye pwani za Ghuba, Oman na Somalia, na msimu wa kaskazi huwa kwetu. Maji yakijaa, ndege hujikusanya penye nchi kavu iliyobaki; mkiwarusha hapo hawana pengine pa kupumzikia. Basi ketini mapema, maji yangali mbali, muwaache wao wawasogelee.

Zawadi iwe kitabu, au darubini ya kutumiwa na wote. Fedha huharibu (tumeyaona katika mpira wa mitaani). Picha za simu zishindane zenyewe kwa zenyewe, na kila picha iandikiwe mahali, tarehe na hali ya maji.