Mwimbaji wa Taarabu Naye ni Fanani

Tangu mwaka wa kwanza wa masomo yetu tunafundishwa kwamba ngano haikamiliki bila ya fanani. Sauti yake, ishara za mikono yake, kimya chake na namna anavyoishirikisha hadhira ni sehemu ya sanaa yenyewe. Mwanafunzi anayeichambua ngano akamsahau fanani hupunguziwa alama, na hiyo ni haki. Lakini tufikapo kwenye taarabu, kanuni hii tunaiweka kando. Tunanakili maneno ya wimbo, tunahesabu mizani, tunataja vina vya kati na vya mwisho, kisha tunaandika jina la mtunzi. Aliyeuimba hatajwi, au hutajwa kwa sentensi moja kuwa alijaaliwa sauti tamu. Makala haya yanadai kwamba mwenendo huu ni kosa la kitaaluma, na kwamba walioumizwa zaidi na kosa hilo ni wanawake.

Mfano ulio wazi ni wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, akaitwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti akawa mchuuzi wa vyungu, akivinadi kwa sauti iliyowafanya watu wageuke. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa uimbaji na Ali Muhsin, kisha akaungana na kina Subeti bin Ambari, Budda bin Mwendo, Mbaruku na Maalim Shaaban. Mwaka 1928 kundi hilo lilivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Kufikia mwaka 1931 santuri zao zilizouzwa zilikadiriwa kufika 72,000. Siti alifariki mwaka 1950, akiwa ameipa taarabu ya Kiswahili hadhi ambayo kabla yake ilikuwa ya Kiarabu peke yake.

Sote tunayajua haya kwa sababu Shaaban Robert aliyaandika. Wasifu wa Siti binti Saad ni kitabu ambacho hatuwezi kulipa deni lake. Hata hivyo, Shaaban Robert alikuwa mwadilishaji, na alimtazama Siti kwa jicho hilo: kielelezo cha juhudi, subira na utu. Nasi tumeendelea kukisoma kitabu hicho kama hadithi ya maskini aliyefanikiwa. Tunaisifu tabia ya Siti na kuisahau kazi yake. Ni nadra kumsikia mwanafunzi akieleza Siti aliufanya nini wimbo alipouimba.

Tuutazame wimbo wa Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja baada ya kutoka usiku kwenda ngomani. Muuaji alivuka bahari akatoroka, na waliotiwa hatiani wakawa wanawake waliokuwa wenyeji wake. Mtu akiyasoma maneno peke yake ataona habari ya mauaji. Lakini jukwaani mwimbaji alikuwa shahidi, alikuwa jirani wa marehemu, na alikuwa mshitaki wa mahakama iliyowafunga wasioua. Nafsi hizo zote alizibeba mwanamke mmoja kwa sauti yake, mbele ya watu walioijua kesi yenyewe. Vivyo hivyo, mahasidi walipomdhihaki kwa nasaba na sura yake, Siti aliwajibu kwa wimbo, akasimama mbele ya hadhira akiwa mada na msemaji kwa pamoja. Huu ni uigizaji. Tungeuona katika tamthilia tungeuandikia tasnifu.

Nimewahi kupingwa kwa hoja hii: mwimbaji hana utunzi; shairi ni la malenga, naye ni koo tu lililoazimwa. Hoja hiyo ina uzito hapa kwetu Mombasa, ambapo Juma Bhalo aliimba tungo nyingi za Ahmad Nassir, na heshima ya malenga haifai kupunguzwa hata chembe. Lakini mtambaji wa ngano naye hakuitunga ngano. Aliirithi kwa bibi yake, na bado tunamwita fanani. Ikiwa kurithi maneno hakumwondolei mtambaji usanii, kwa nini kupokea maneno kumwondolee mwimbaji?

Somo hili sikulipata darasani. Nililipata Kizingo, katika nyumba ya bibi mmoja wa makamo ya juu, nilipomchukulia maneno ya wimbo wa taarabu ambao nilikuwa nimeuchambua kuwa wa mapenzi. Aliniacha nisome hadi mwisho, kisha akatia kanda. Ilipofika beti ya tatu mwimbaji alilirudia neno moja mara nne, na kila mara akalivuta zaidi.

"Wasikia, mwanangu?" akaniuliza. "Hapo ndipo wanawake walipokuwa wakiinuka kwenda kumtunza. Na kila aendaye kumtunza hupita mbele ya yule anayemkusudia. Wimbo huu ni wa ugomvi."

Uchambuzi wangu ulikuwa na vina sahihi na mizani sahihi, na maana ilikuwa imenipita. Maana ile haikuwa katika maneno peke yake. Ilikuwa katika marudio ya mwimbaji na katika miguu ya wale waliokwenda kutunza. Bibi yule aliijua kwa kuwa alikuwako.

Mombasa imewapata waimbaji wanawake wa kiwango cha juu. Zuhura Swaleh aliongoza kundi lake mwenyewe, akaitia taarabu mapigo ya chakacha na sauti ya taishokoto. Mwaka 1992 albamu yake ya Jino la Pembe, aliyoimba pamoja na kundi la Maulidi Juma, ilitolewa London. Malika naye alisikilizwa katika pwani yote na nje yake. Kwa miaka mingi duka la Mbwana Radio Service katika Mji wa Kale lilinakili na kuuza kanda za waimbaji wetu. Kanda hizo zimo majumbani, nyingine zimeshika ukungu, nyingine zimekatika. Walioketi katika harusi hizo wanazidi kutuondokea. Kaskazini mwa Tanganyika au kusini mwa Lamu, mtafiti atakayekuja miaka ishirini baadaye atakuta maneno bila ya sauti, na sauti bila ya mtu wa kuieleza.

Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alipata bahati ya kupigwa filamu iliyotoka mwaka 2006, na leo tunaweza kuyaona macho yake na mikono yake juu ya ngoma. Si lazima kila mwimbaji angoje mpiga picha kutoka ng'ambo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu zikubali kanda na santuri kuwa matini kamili ya utafiti, sawa na diwani. Pili, kila anayeandika tasnifu juu ya taarabu alazimike kumtaja mwimbaji, kueleza uwasilishaji wake na kuwahoji waliomsikia. Tatu, chama chetu kitenge kikao kimoja kila mwaka cha kusikiliza, ambapo mgeni wa heshima atakuwa mwimbaji au mpenzi wa zamani wa taarabu, nasi wanafunzi tuketi kimya na daftari zetu.

Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu wa maisha. Wasifu wa sauti ungali unasubiri, wa Siti na wa wenzake wa Mvita. Kazi hiyo ni yetu, na walio na majibu bado wanaweza kubishiwa hodi.