Tumbo lina mapigo yake

Kuna kauli kuhusu tumbo ambazo zimezoeleka mno, na baadhi yake zinawaumiza wagonjwa. Zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza inadai kwamba tumbo linaendeshwa na ubongo, na neva zikikatwa linakufa ganzi. Si kweli. Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji waliikata neva ya vagasi ili kupunguza asidi kwa wenye vidonda vya tumbo. Chakula kilichelewa kutoka, ndiyo maana wengi wao walipanua pia mlango wa chini wa tumbo, lakini mawimbi ya umeme katika ukuta wa tumbo hayakutoweka. Ushahidi wa maabara uko wazi zaidi. Kipande cha ukuta wa tumbo kikiwekwa katika sumu ya samaki bunju, ileile inayoogopwa na wavuvi wa pwani yetu, neva zake hunyamaza. Umeme wa kipande hicho huendelea kupanda na kushuka kwa mpangilio uleule.

Basi ni msuli wenyewe unaojipigia, wengine wakasema, na jibu hilo lilitawala kwa miongo mingi. Nalo lina kasoro. Mwishoni mwa karne ya 19, Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliona seli ndogo zenye matawi, zimekaa kati ya ncha za neva na msuli, akadhani ni neva za aina ya kale. Mwaka 1982 Lars Thuneberg wa Denmark alitoa hoja kwamba seli hizo ndizo chanzo cha mapigo. Wengi walisita, mpaka panya wenye hitilafu katika jeni ya Kit walipochunguzwa. Katika utumbo wao mwembamba msuli ulikuwepo na neva zilikuwepo, ila mtandao wa seli za Cajal ulikosekana, na mawimbi ya umeme nayo yalikosekana. Matokeo hayo yalichapishwa katika miaka ya 1990, na kwangu ndiyo yaliyomaliza ubishi.

Namna zinavyofanya kazi inapendeza. Kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli ya Cajal humwagika, ikafungua milango ya kloraidi iitwayo Ano1, na umeme wa seli ukabadilika. Seli jirani hupokea na kuanza zamu yake. Seli ya msuli hupokea wimbi hilo pia, lakini haina uwezo wa kulizalisha upya na kulipitisha mbali. Kwa binadamu wimbi huanzia sehemu ya juu ya kiwiliwili cha tumbo, upande wa mpindo mkubwa, likashuka hadi mlango wa chini, mara 3 hivi kwa dakika. Kule juu kabisa, chakula kinapopokelewa, mawimbi haya hayapo. Ukuta wa hapo kazi yake ni kulegea ili kukipa nafasi.

Kauli ya tatu: kila wimbi ni mkazo. Hapana. Tumbo tupu likiwa limetulia, mawimbi huendelea bila mkazo wa maana. Wimbi hupanga saa ambayo msuli unaweza kujikaza. Kujikaza kwenyewe, na kwa nguvu gani, hutegemea asetilikolini kutoka kwenye neva, mvutano wa chakula na homoni. Kwa hiyo neva zina kazi kubwa, ila kazi hiyo si kupiga mapigo.

Kuhusu watoto wanaoambiwa kwamba tumbo likinguruma ni minyoo inalia: minyoo ipo na itibiwe. Lakini kila baada ya dakika 90 hadi 120 za kutokula, mikazo mikali hupita ikifagia mabaki kutoka tumboni na kushuka utumboni, na tumbo la mtu mzima wa afya hunguruma vilevile.

Kauli inayonikera zaidi ni ile anayoambiwa mgonjwa anayetapika chakula cha jana na kushiba kwa matonge mawili: mpira wa kamera haukuona kidonda, basi ni mawazo yako. Kamera huona utando wa ndani. Seli za Cajal zimo ndani ya ukuta, na kamera haiwezi kuzihesabu. Vipande vya tumbo vya wagonjwa ambao matumbo yao yamepooza, wenye kisukari na wasio nacho, vimeonyesha mara nyingi kwamba seli hizo zimepungua. Kuna kipimo: mgonjwa hula mlo wenye kiasi kidogo cha mionzi, kisha hupigwa picha kwa saa 4. Ikiwa zaidi ya asilimia 10 ya mlo bado imo tumboni saa ya 4, tumbo limechelewa. Pale ambapo kipimo hicho hakipo, daktari anaweza angalau kupima sukari, kuuliza dawa anazotumia mgonjwa, kwa kuwa zile za maumivu za jamii ya morfini hulichelewesha tumbo, na kumshauri ale milo midogo ya mara kwa mara, laini, yenye mafuta machache.