Mkimbizi hawezi kutia mbolea mahali asipojua kama atavuna

Katika mitaa mingi ya Goma udongo ni haba. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 2002, ikarudia mwaka 2021, na penye mawe yake jembe haliingii. Ndiyo maana jamaa nyingi hupanda lengalenga na vitunguu ndani ya magunia, ao katika kipande kidogo cha parsele. Bustani ndogo namna hiyo haizai vizuri bila mbolea.

Mbolea yenyewe si lazima inunuliwe. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya maharagi, nyasi kavu, pamoja na mavi ya kuku, mbuzi ao sungura, vinatosha. Virundikwe kivulini, vifunikwe mvua isivioshe, vitiwe maji kidogo na kugeuzwa kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi vinakuwa udongo mweusi usionuka. Mavi mabichi yanaunguza mizizi. Na uchafu wa choo usikaribie mboga hata kidogo: watu wa Goma wanakijua kipindupindu.

Shida kubwa iko kwingine. Mama aliyekimbia vita, anayelala kwa jamaa iliyompokea, mara nyingi ni mkulima tangu utoto. Lakini atangojaje miezi mitatu ikiwa hajui kama mwezi ujao angali hapo? Akiisha kutengeneza kipande, mwenye parsele anaweza kukitaka. Basi anapanda haraka bila mbolea, anavuna majani membamba, na majirani wanasema ni mvivu. Si uvivu. Nani atalisha udongo asiojua kama utamlisha?

Wanaogawa mbegu na majembe wanasahau jambo hilo. Kabla ya mbegu kuwe na mapatano mbele ya chefu wa avenii: kipande ni kipi, ni kwa miezi mingapi, mavuno yatagawanywa namna gani. Mwenye parsele hapati hasara. Mgeni akirudi kwao, udongo ulioboreshwa unabaki kwake.

Pale mapatano yanapokosekana, heri gunia: mawe katikati ya kupitisha maji, udongo na mbolea iliyooza pembeni. Siku ya kuhama, udongo ule unaweza kubebwa. Lakini mtu aliyekwisha kuacha shamba lake asilazimishwe kubeba na bustani yake mgongoni.