Kukariri na Kuelewa: Funzo Kutoka Sala ya Kiyahudi

Mjadala juu ya kukariri haujakoma katika vyuo vya ualimu. Wako washikiliao kwamba mtoto apewe maneno kwanza, maana itamjia baadaye. Wengine wanataka kukariri kufutwe kabisa. Sisi twaona pande zote mbili zimepotoka, na namna Wayahudi wanavyofundishana sala yaweza kutuonyesha sababu.

Sala zao za kila siku ni tatu: ya asubuhi, ya alasiri na ya jioni. Maneno yamepangwa kitabuni, mengi kwa Kiebrania, na mtoto huyasikia hadi ulimi uyazoee. Lakini walimu wao wa kale walitambua hatari ya ulimi kuutangulia moyo. Walidai kavana, yaani kuuelekeza moyo; mwanafunzi Mwislamu atalielewa neno hilo upesi akilifananisha na nia. Tena Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa yapata mwaka 200, inaruhusu Shema, tamko kwamba Mungu ni mmoja, lisemwe kwa lugha yoyote.

Mfano wa karibu uko Uganda. Mwaka 1919, katika eneo la Mbale, Semei Kakungulu alishika dini ya Kiyahudi pamoja na wafuasi wake, ambao leo huitwa Abayudaya. Hawakujua Kiebrania, walikuwa na Biblia ya Kiganda. Basi walisali kwa lugha waliyoielewa, na Kiebrania wakajifunza polepole. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wengi waliiacha, lakini wachache waliendelea kusali kwa siri. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, mzaliwa wa jumuiya hiyo, alipata daraja la urabi huko Marekani, akarudi kufundisha kwao. Hadi leo ibada yao huchanganya Kiebrania na Kiganda. Kwa maoni yetu, maneno matupu yasingalistahimili marufuku ile.

Sasa tulitazame darasa la Kidato cha Kwanza hapa Igawa. Mwanafunzi ametoka katika Kiswahili. Pengine nyumbani husema Kisangu au Kibena. Anapewa kanuni ya mgandamizo wa maji kwa Kiingereza, anaikariri, anaiandika katika mtihani, kisha inamtoka. Na kumbe kila siku huyaona maji ya mfereji yakiingia katika majaruba ya mpunga! Mwalimu aanzie mferejini, aeleze kwa Kiswahili, mwanafunzi arudie kwa maneno yake mwenyewe. Ndipo wakariri kanuni kwa Kiingereza, leo na kesho, mpaka ikae.

Watasema wengine kwamba mtihani ni wa Kiingereza. Ni kweli, na ndiyo sababu hatusemi kukariri kuachwe. Twasema kufuate maana. Mwalimu anayeanza na maneno matupu huwafundisha kasuku. Anayeishia kwenye maana bila mazoezi huwaacha wanafunzi mikono mitupu siku ya mtihani. Hatuna budi kuyashika yote mawili, kila moja kwa zamu yake.