Kabla Hujaweka Dole Gumba

Ndugu zangu wa Kumsenga, nanyi wa Kibondo mjini na Kasulu, mvua za Oktoba zikikaribia, wakopeshaji nao hukaribia. Zitaletwa karatasi za kurasa tatu, nne, maandishi madogo. Nani atazisoma?

Siulizi nani anajua kusoma. Wengi tumepita darasa la saba. Nauliza nani bado ana pumzi ya kumaliza ukurasa. Kwenye makundi ya WhatsApp mtu akiandika aya mbili tu anajibiwa: "Hilo gazeti sisomi, tuma voice." Tunacheka. Mkopeshaji naye anacheka.

Kusoma hufa kusipotumika, na nchi hii ilishaona. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kufika 1986 wasiojua walikuwa chini ya asilimia 10. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamerudi kuwa karibu theluthi moja. Sababu ni nyingi, wapo ambao shule hawakuiona kabisa, lakini wapo pia waliohitimu kisomo, kisha wakakosa cha kusoma.

Kilichowashika waliobaki wasomaji, naona mimi, hakikuwa vijitabu vya kisomo kuhusu mbolea. Walikuwa wapelelezi wa riwaya, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, Mtobwa mwenyewe akiwa mwana wa Kigoma hii hii. Riwaya ilizunguka mpaka jalada likatoka na kurasa za mwisho zikapotea. Ukaanza kumsaka aliyewahi kuimaliza akwambie muuaji ni nani. Wazee wengine waliuita usomaji huo upuuzi. Lakini hapo ndipo mtu alipozoea kufuata mistari mia bila kuchoka, huku akijiuliza: huyu anaficha nini?

Swali hilo ndilo linalokosekana mezani pa mkopo. Mtu mzima anamwita mwanawe wa kidato cha pili amsomee. Mtoto anasoma bila kukwama, riba, rejesho la kila wiki, dhamana kuchukuliwa bila taarifa, ila hajui kwamba hapo pametajwa shamba la babu yake. Baba anasikia sauti tu, anachovya dole gumba kwenye wino. Ndivyo mikopo ya kausha damu inavyoingia nyumbani, na jirani akiona fedha taslimu zimetoka, kesho naye yuko kwenye foleni.

Kwa hiyo usisaini palepale. Omba nakala, lala nayo, isome mwenyewe kwa sauti. Atakayekataa kukupa nakala, mwache aende. Muulize mkopeshaji na leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo.

Na kuanzia usiku huu tafuta riwaya, hata ya mapenzi, hata iliyochanika. Soma kurasa tano, simu ikiwa mbali. Zikikushinda, usisingizie macho. Tatizo la kukosa pumzi limeshakufikia, kesho jaribu tena kurasa mbili. Walimu mliofungia riwaya kabatini zisichafuke, zitoeni wiki hii, muwape wazazi wanaokuja kuulizia watoto. Daftari la kuandika aliyeazima linatosha.