Zamani Ipi Hiyo Mnayoisifu?

Kila mwanamke anapopata cheo, au mwanamume anapoonekana kambeba mtoto mgongoni, barazani hutoka maneno yale yale: zamani kila mtu alijua nafasi yake, haya ya leo yameletwa. Ukiuliza zamani ipi, hutajiwi mwaka wala mji. Basi tuzipime hoja hizo kwa Pwani hii hii ambayo wasemaji wenyewe hupenda kuitolea ushahidi.

Wapo wanaosema mwanamke wa Kiswahili hakupata kutawala. Hili halituchukulii muda. Mwishoni mwa karne ya 17 Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma, aliyeshikamana na Wareno. Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1698, walimpeleka uhamishoni Maskati. Karne iliyofuata Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija. Mlaumu Fatuma ukipenda kwa marafiki aliowachagua, lakini asiye na mamlaka hahamishwi nchi.

Hoja nzito ni ile inayomtegemea mshairi Mwana Kupona, na uzito wake ni kwamba nusu yake ni kweli. Wanasema: bibi mwenyewe kashatuambia, mke ni kutii. Naam, utendi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, unamtaka mke atafute radhi ya mumewe, ampepee, asimkatishe usingizi, asitoke bila ruhusa. Wako wahakiki wanaosema hayo yote ni kejeli ya chini kwa chini. Mimi siwafuati; nikiusoma utendi ule naona mama anayemaanisha anachosema.

Lakini tazama anayesema ni nani. Ni mjane aliye mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyeishi akipambana na utawala wa Sayyid Said, ameshafariki. Mama huyu anaanza kwa kumwita binti akae karibu naye na wino na karatasi. Yaani katika nyumba ile mama anatunga na binti anaandika, kwa hati za Kiarabu, miongo kadhaa kabla serikali yoyote ya kikoloni haijatufungulia shule. Wanaomnukuu kuhusu upepo na usingizi huuruka wino huo. Tena hakuutunga umfae binti yake peke yake: anawahimiza wanawake wengine nao wausome. Asiyejua kusoma hahimizwi kusoma.

Kisha kuna jambo ambalo hata watetezi wake hulipita haraka. Anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Utiifu wa ndani, udi na manukato, kutotoka ovyo, vyote viliwezekana kwa sababu kulikuwa na wanawake wengine waliokwenda kisimani, waliolima, waliotwanga, waliouza sokoni. Hao hawakutungiwa utendi. Kwa hiyo anayesema “mahali pa mwanamke wa Pwani palikuwa ndani” anazungumzia waungwana wachache, kisha anawatwika wajukuu wa wote adabu ya hao wachache.

Na hao wa nje hawakunyamaza. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, alianza kwa kuuza vyungu. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi, na sahani zake za santuri zikavuma Afrika Mashariki nzima. Anayedai kwamba wanawake kupaza sauti kwenye taarab ni uharibifu wa juzi na mipasho yake, na akausikilize wimbo wa Siti wa Kijiti: mwanamke kauawa, muuaji kavuka bara, na waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Wimbo ule uliikosoa mahakama ya wakoloni, mchana kweupe. Bibi Titi Mohamed naye alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla ya kuongoza tawi la wanawake la TANU mwaka 1955, na vikundi vya ngoma ndivyo vilivyomletea wanachama.

Upande wa pili wa baraza nao wana hoja yao: fasihi ya kisasa ndiyo iliyomkomboa mwanamke. Hapa pia nasita. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), Rosa anabanwa na baba mkali, anaponyoka, anaharibikiwa, anakufa. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna anafungiwa na babake Maksuudi, anatoroka, anaangukia kwenye ulevi na ukahaba. Waandishi wote wawili wanawalaumu akina baba, na wanastahili sifa kwa hilo. Lakini mwili unaolipa ni wa binti. Ilibidi tumsome Penina Muhando katika Nguzo Mama (1982) ndipo tukaona wanawake wanaogombana, wanaoshindwa kusimamisha nguzo yao, bila yeyote kulazimika kuwa kahaba au malaika.

“Na mwanamume je, yeye si habadiliki?” Sijui hoja hii ilitoka wapi katika nchi ambayo pilau ya harusi hupikwa na wanaume. Enzi za Mwingereza, mpishi, mfua nguo na mtumishi wa nyumba za wakubwa Dar es Salaam alikuwa kwa kawaida mwanamume, naye alitoka kila alfajiri kwenda kuosha vyombo vya watu wengine. Jioni akifika kwake, sufuria ikawa mwiko. Kilichombadilisha njiani ni mshahara.

Imebaki ile ya kufungia mjadala: usawa umeshafika, tangu Machi 2021 rais wa Tanzania ni mwanamke. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, huku mvulana akisubiri 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Anayesema usawa umefika aanze kwa kueleza kwa nini serikali ilikwenda kuitetea tofauti ile ya miaka mitatu.