Intaneti ya Bure na Amana ya Mgeni

Siku hizi mteja huketi mkahawani, na kabla ya kahawa tungu kufika, auliza neno la siri la waifai. Wenyeji huitoa bure, mfano wa maji ya kunywa. Mgeni akifanya ovu humo, nani ataulizwa?

Swali hilo lilifika mahakamani Ulaya. Mwaka 2010 Tobias McFadden, mwenye duka la taa na vyombo vya sauti karibu na Munich, Ujerumani, aliiacha intaneti yake wazi ili avute wateja, na wimbo wa kampuni ya Sony ukagawiwa kwayo bila idhini. Septemba 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa halipi fidia kwa kosa la mgeni. Ila aweza kuamrishwa aweke neno la siri, na mgeni ajitambulishe kwanza.

Hapo ndipo penye uzito. Jina na nambari ya simu ni amana. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data, ya mwaka 2019, yamtaka anayezichukua aseme azitakia nini, wala asichukue kuzidi haja. Daftari lililoachwa wazi mezani, kila apitaye akasoma nambari za mabinti wa watu, kwangu ni fedheha kuliko wimbo ulioibwa.